Taarifa peke yake haitoshi: kazi ya Profesa Loretta Jemmott

Hebu tuanze na jaribio lenyewe. Wasichana 682 wa Philadelphia, Marekani, wenye miaka 12 hadi 19, wote wameshaanza kufanya ngono. Wanagawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. La kwanza linapewa taarifa za UKIMWI na magonjwa ya zinaa. La pili linapewa taarifa pia, ila linafanya na mazoezi: namna ya kutumia kondomu, namna ya kumwambia mpenzi kwamba bila kondomu hakuna kitu, tena kwa kuigiza. La tatu linafundishwa mambo ya afya yasiyohusu ngono kabisa, ili mtu asije akasema walibadilika kwa sababu tu walikaa na mwalimu anayewajali. Kikao kilikuwa kimoja, dakika 250.

Mwaka mmoja baadaye wakapimwa. Kwenye kundi la mazoezi, asilimia 10.5 walikutwa na ugonjwa wa zinaa. Kwenye kundi la tatu, asilimia 18.2. Na wale wa taarifa tupu je? Kitakwimu, hawakutofautiana na waliofundishwa mambo mengine kabisa. Kwa sisi tuliokulia kwenye semina za shule za kusikiliza na kupiga makofi, matokeo haya yanauma kidogo.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2005. Jemmott, ambaye ni muuguzi, aliufanya na wenzake akiwemo mumewe John, mwanasaikolojia. Alikuwa profesa wa uuguzi University of Pennsylvania kwa miaka mingi, baadaye akahamia Drexel, mjini humohumo.

Mbinu hiyo haikuishia Philadelphia. Kule Eastern Cape, Afrika Kusini, timu yao ilifanya kazi na wanafunzi 1,057 wa darasa la sita katika shule 18. Matokeo yakatoka mwaka 2010: waliopata mafunzo hayo walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuripoti ngono bila kinga.

Halafu kuna upande wa watu. Antonia Villarruel, naye muuguzi, alishirikiana na akina Jemmott kuunda mafunzo kwa vijana wa Kilatino, yaitwayo ¡Cuídate!, yaani “jitunze”. Hakutafsiri tu maneno. Aliyajenga juu ya jinsi familia zao zinavyoishi na zinavyotarajia mvulana na msichana wawe. Mwaka 2014 Villarruel akawa mkuu wa shule ya uuguzi ya University of Pennsylvania.