Kampuni Isiyowahi Kuita Magari Yake

Swali limerudi tena, safari hii kwa ujumbe wa sauti: "Mhandisi, nimesikia Toyota wameita tena magari yao. Kampuni gani haina mambo hayo, nihamie huko?" Nimelijibu swali hili kwa upole mara nyingi mno, na upole umeniishia.

Kampuni hiyo haipo. Ingekuwepo, ningekushauri uikimbie.

Wenye magari wetu wamegawanyika Simba na Yanga. Toyota huku, Nissan na Subaru kule, na kila tangazo la magari ya wenzao kuitwa yakarekebishwe linahesabiwa kuwa bao. Watani hawa wanahesabu kinyume. Kampuni ikiita magari imekiri kasoro na inalipia matengenezo. Isipoita, kasoro iko palepale, na wewe uko juu yake kwa kilomita 80 kwa saa.

Chukua Fuso, maana hakuna aliyewahi kusafirisha mbao au vitunguu asiyeijua. Januari 2002, mjini Yokohama, Japani, lori la Mitsubishi Fuso lilichomoka gurudumu la mbele likiwa mwendoni. Gurudumu likamgonga mama aliyekuwa anatembea na wanawe wawili. Alifariki. Kampuni ikamgeuzia kibao mwenye lori: hukulitunza, habu imelika. (Maneno hayo nimeyasikia kwenye gereji zetu mpaka yamenichosha.) Kwa ile habu hakuna lori lililoitwa. Na hii ndiyo Mitsubishi ambayo mwaka 2000 ilikuwa imekwisha kukiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilificha malalamiko ya wateja yasiifikie serikali. Ilipofika Machi 2004 ndipo ikakubali kuwa habu yenyewe ilikuwa dhaifu tangu ilipobuniwa, na malori yakaitwa. Kwa hesabu ya mwulizaji wangu, Fuso lilikuwa lori zuri mwaka 2003 na likawa bovu 2004. Chuma kilikuwa kilekile.

General Motors ya Marekani nayo ilikaa takriban miaka 10 huku wahandisi wake wakijua kuwa swichi ya ufunguo kwenye baadhi ya magari yake madogo inaweza kurudi nyuma gari likiwa mwendoni, injini ikazima na mifuko ya hewa isifanye kazi. Iliita magari Februari 2014. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Wengi wa watu hao walifariki katika ile miaka ya kimya, gari likiwa na jina safi.

Na hata ukihama, unahamia wapi? Nembo ya mbele haikuambii nani alitengeneza vya ndani. Takata ya Japani iliwauzia Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW, Ford na wengine kopo la chuma linalojaza mfuko wa hewa. Ndani yake mna vidonge vya ammonia naitreti, kemikali iliyomo pia kwenye mbolea ya CAN. Joto la kupanda na kushuka pamoja na unyevu, miaka ikipita, huvilegeza vidonge. Siku ya ajali vinaungua upesi kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinamrukia dereva usoni na shingoni. Makopo zaidi ya milioni 100 yameitwa duniani. Aliyekasirika akauza Toyota Vitz akanunua Mazda huenda alihama na kopo lake. Marekani, zamu ya kwanza ya kubadilishiwa walipewa watu wa Florida na majimbo mengine ya joto na unyevu. Watu wa Tanga na Mombasa wajijibu wenyewe.

Usiniambie kwamba taa ya mfuko wa hewa haijawaka. Kompyuta inapima umeme kwenye waya na viungio vyake, haina habari na hali ya vidonge. Fundi akichomeka mashine yake akasema "iko fresh", amesema kweli kuhusu waya.

Kwa gari lililotumika Japani kabla ya kuja kwetu, barua ya wito humfuata mmiliki aliyesajiliwa huko. Gari likishapanda meli, barua haina pa kwenda. Japani yenyewe, tangu Mei 2018, gari lenye makopo ya hatari ambayo hayajabadilishwa halipiti ukaguzi. Huku kwetu linapeleka watoto shule.

Sasa fanya hivi. Toa kadi ya gari, soma namba ya chesisi. Gari la soko la Japani lina herufi na tarakimu za modeli, kistari, halafu namba. Tovuti za Kimarekani zinazotaka namba yenye herufi na tarakimu 17 zitakukatalia, kwa hiyo ingia ukurasa wa Kijapani wa kampuni yenyewe na uruhusu simu ikutafsirie. Utaona gari limeitwa kwa lipi, na kama kazi imefanyika. Hujalipia bado? Mwambie muuzaji alipeleke likatengenezwe hukohuko Japani, ni bure. Asipotaka, tafuta jingine. Liko tayari mikononi mwako? Mwandikie wakala rasmi namba hiyo, umwulize kama anahudumia magari yaliyoagizwa binafsi, na umtake ajibu kwa maandishi. Mfuko wa hewa wa mtumba kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani usinunue, umetolewa kwenye gari la rika la lako. Fyuzi usichomoe: kwenye magari mengi utazima na kikaza mkanda. Wakati unasubiri, funga mkanda na usogeze kiti, kifua kiwe sentimita 25 au zaidi kutoka kwenye usukani. Kama kasoro ni ya upande wa abiria, abiria wako wote wakae nyuma.