Wema: Tunaujua kwa Kuamini ama kwa Kuona?

Ndugu wanachama, swali hili huzuka vikundini mwetu mara nyingi kuliko tunavyokubali. Mgeni anaomba kujiunga. Mmoja anauliza, "Kwani huyu ni mtu wa dini gani?" Mwingine anamjibu, "Wachana na dini, si tulichimba kisima naye?" Hapo wawili hao wameshika pande mbili za ubishi wa zamani sana. Mtu hujuaje lililo jema? Hulipata katika imani aliyofundishwa, ama katika yale aliyopitia mwenyewe pamoja na watu?

Tulitazame swali hili kwenye barabara ya Mandera.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lilitoka Mandera kwenda Nairobi. Ndani walikuwamo walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo ya Desemba. Wanamgambo wa Al-Shabaab walilisimamisha, wakawatenga wasio Waislamu kwa kuwataka waseme shahada, na watu 28 wakauawa. Siku kumi baadaye wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe karibu na mji wa Mandera wakauawa vilevile.

Hebu tufikirie kidogo. Kipimo cha kuishi ama kufa kilikuwa maneno ya mdomoni. Na wale wenye bunduki hawakukosa imani. Walikuwa na hakika kabisa ya wanachoamini. Kumbe hakika peke yake haimwonyeshi mtu lililo jema.

Lakini wanaosema kwamba kuona ndiyo shule, nao wangoje kidogo. Mwaka 2015 walimu wengi wa kutoka sehemu nyingine za Kenya walikataa kurudi, wakaomba uhamisho. Nani atawalaumu? Yaliyowapata wenzao yaliwafundisha kukimbia. Mwingine yangemfundisha kulipiza kisasi. Mwingine kunyamaza na kuinamisha kichwa, bora yeye apone. Damu ni ile ile, na kila mtu anatoka na funzo lake.

Sasa tuje kwa tarehe 21 Desemba 2015. Basi lingine, safari hii likielekea Mandera, lilisimamishwa karibu na El Wak. Amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo huku. Abiria Waislamu wakakataa. Waliambia wale watu wawaue wote ama wawaache wote. Akina mama walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike wasitambulike. Watu wawili waliuawa siku ile, lakini kutengana hakukuwako. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi. Akiwa hospitalini Nairobi aliwaomba Waislamu wawatunze Wakristo, ili nao Wakristo wawatunze Waislamu. Alifariki Januari 2016, na mwaka huo huo taifa likampa nishani.

Walijuaje la kufanya? Mtu wa imani atasema: walifundishwa tangu utoto, pale duksi, thamani ya nafsi ya mtu. Ni kweli. Lakini wenye bunduki walidai Kitabu hicho hicho. Tofauti ilikuwa wapi basi?

Mimi naona ilikuwa kwenye kiti. Safari ya Mandera ni kama kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Mnashinda na kukesha pamoja, vumbi ni lenu wote, unamshikia mama usiyemjua mtoto wake, mnapeana maji. Kwa mwenye bunduki, yule Mkristo alikuwa jina la kundi. Kwa jirani yake alikuwa yule mama wa kiti cha pili. Imani ilikuwa imewapa abiria amri. Maisha ndiyo yaliyowaonyesha amri ile inamhusu nani.

Someni tena Luka sura ya 10. Yule mwanasheria alijua amri barabara, akaitaja bila kukosea. Alichouliza ni jirani yake ni nani. Yesu hakumwongezea fundisho lingine la kuamini. Alimsimulia habari ya barabara, wanyang'anyi, na mtu wa dini nyingine aliyesimama kusaidia. (Kuhani na Mlawi nao walikuwa wameona majeruhi kwa macho yao, wakapita kando. Kuona tu hakukutosha hata siku hiyo.)

Jambo linalonisumbua ni lile lililofuata. Januari 2020 walimu watatu wasio wenyeji waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na walimu wengine wengi wakahamishwa kutoka kaskazini mashariki. Tunahesabu hasara ya masomo, na ni kubwa. Lakini mtoto aliyekosa mwalimu kutoka Kisii ama Machakos amekosa pia kumjua mtu wa mbali: kuchapiwa kazi naye, kucheka naye, kumwona akiugua na kupona. Kesho ataambiwa habari za watu hao na mtu mwingine, naye hatakuwa na lake la kujibu.

Kwa hiyo, kwenye mkutano wenu ujao, kabla mweka hazina hajasoma hesabu, kila mwanachama ataje mtu mmoja wa dini nyingine anayemjua kwa jina, na kitu ambacho wamewahi kufanya pamoja. Mkikuta wengi wamenyamaza, msikimbilie ajenda inayofuata.