Aliyeibiwa Si Aliyeibwa: Kauli ya Kutendwa katika Barua za Kiingereza

Mtu wa Garsen aliyeibiwa ng'ombe saba usiku, akataka kuiandika habari hiyo kwa Kiingereza ili aipeleke ofisini, aghalabu huanza hivi: "I was stolen seven cows." Kwa Kiswahili neno lake ni sahihi kabisa, maana ndivyo tusemavyo: niliibiwa ng'ombe saba. Lakini Mwingereza akisoma maneno matatu ya mwanzo huona mtu mzima amebebwa gizani na wezi, nao ng'ombe wamebaki zizini wakicheua.

Sababu ni kwamba Kiswahili kina vitenzi viwili mahali ambapo Kiingereza kina kimoja. Sisi tunacho kuibwa, nacho ni cha mali, na kuibiwa, nacho ni cha mwenye mali. Kiingereza hakina hicho cha pili katika neno "steal". Basi kitu kilichokwenda na mwizi ndicho kitangulie: "Seven of my cows were stolen." Liko neno jingine, "I was robbed", ambalo humtanguliza mwenye mali, ila hilo huleta maana ya kunyang'anywa kwa nguvu au kwa vitisho, wala halimfai mtu aliyekuwa amelala usingizi.

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, kwa hiyo mwenye shida hana lazima ya kujisumbua na lugha ya kigeni. Walakini fomu nyingi na taarifa nyingi zingali za Kiingereza, na anayemwandikia mzee wake barua hupenda kuandika kama afisi inavyoandika.

Kuijenga kauli hii kwa wakati uliopita si kazi ngumu. Hutwaliwa "was" kwa umoja au "were" kwa wingi, kisha hufuata umbo la tatu la kitenzi. Wanafunzi wengi hukwama hapo kwenye umbo la tatu, wakaandika "was ate" na "was took", badala ya "was eaten" na "was taken". Hapana njia ya mkato; maumbo hayo hukaririwa kama watoto wanavyokariri hesabu za kuzidisha. Tena jihadhari na umoja na wingi, kwani lugha mbili hizi hazihesabu sawasawa. Mahindi kwetu ni mengi, bali "maize" kwa Mwingereza ni kitu kimoja: "The maize was eaten." Na "cattle" ni wengi siku zote, hata wakiwa wawili tu: "The cattle were taken."

Kosa jingine hutokana na vitenzi visivyoweza kutendwa kabisa. Sisi husema mtu amefiwa. Mwingereza hawezi kusema "he was died". Husema tu kwamba mke wake alikufa. Vile vile "was happened" na "was disappeared" si Kiingereza, ingawa huonekana katika barua nyingi. Mtumbwi ukizama wenyewe katika Mto Tana kwa sababu ya mkondo mkali, huandikwa "The canoe sank." Ukiandika "The canoe was sunk", umesema yuko aliyeuzamisha, na polisi atakuuliza jina lake.

Jina hilo la mtenda ndilo jambo kubwa kuliko yote. Kiswahili humtaja kwa "na", Kiingereza kwa "by", na lugha zote mbili huruhusu aachwe. Mkulima wa ukingoni akiandika kwamba mahindi yake yaliliwa, akanyamaza hapo, barua yake haina pa kwenda. Ikiwa yaliliwa na kiboko, neno hilo ni la idara ya wanyama wa pori, nayo sheria ya mwaka 2013 imeweka njia ya kudai fidia. Ikiwa yaliliwa na ng'ombe wa jirani, ni la chifu na wazee. Na katika nchi ambayo watu wengi waliuawa mwaka 2012 katika mapigano ya wakulima na wafugaji, kumtaja mtenda usiyemwona kwa macho yako ni hatari kama kumficha uliyemwona. Asiyejua na aandike "were stolen" bila "by". Hapo sarufi na ukweli hupatana.

Lakini yapo maandishi yaliyomwacha mtenda kwa makusudi, na mfano wake mashuhuri ulitoka juu ya mto huu huu, katika mji wa Hola, ambao leo ni makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Tarehe 3 Machi 1959, watu wapatao 85 waliokuwa wamezuiliwa huko kwa ajili ya Mau Mau walitolewa kambini wapelekwe kwenye kazi ya mifereji ya shamba la maji. Kumi na mmoja wao walipoteza maisha. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni haikutumia kauli ya kutendwa katika kueleza vifo hivyo. Ilieleza kwamba vifo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji ya gari la maji. "Kufa" na "kutokea" ni vitenzi visivyodai mtenda, na msomaji aliyesoma taarifa hiyo hakuwa na mahali pa kuuliza: na nani?

Uchunguzi wa hakimu ulipofanywa, ilidhihirika kwamba marehemu walikuwa na majeraha ya kipigo. Basi neno lililostahili ni "were beaten to death", umbo la tatu la "beat", sahihi kwa kila kanuni iliyotajwa hapa. Habari ilifika Bunge la Uingereza, ikajadiliwa usiku wa tarehe 27 Julai mwaka ule ule, na kambi nyingi za namna hiyo zikafungwa baadaye. Hata hivyo sentensi hiyo ilikuwa bado imepungukiwa na maneno matatu, "by the warders", na hakuna askari wa kambi aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo.