Gari Lisilo na Dereva na Kona za Kitonga

Msafiri wa visiwani aendaye Iringa kwa barabara kuu ya Tanzam, aionapo Ruaha Mbuyuni na vitunguu vyake vilivyopangwa kando ya njia, huwa amekwisha kuingia Wilaya ya Kilolo, na mbele yake umesimama Mlima Kitonga. Hapo mabasi hupunguza mwendo. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanda yakitweta moja nyuma ya jingine, ubavu mmoja jabali, ubavu wa pili korongo. Sisi tuliupanda mlima huo tukizungumza kwa simu na jamaa zetu wa Unguja, na katika kona mojawapo sauti ikakatika katikati ya neno. Tulipofika juu, ikarudi. Hakuna aliyedhurika, kwa kuwa dereva wetu hakuwa akingoja habari za mnara ili ajue pa kukata usukani.

Kona ile tumeikumbuka kwa sababu maofisini na barazani yamezuka mazungumzo kwamba, maadamu mtandao wa kizazi cha tano umekwisha kuingia nchini, magari yanayojiendesha yenyewe nayo hayako mbali. Ni kweli kwamba mtandao huo ulianza kutolewa Tanzania mwaka 2022, na makampuni mengine yakafuata mwaka 2023. Lakini kutoka hapo hadi Kitonga kuna safari ndefu, na yafaa tuieleze.

Gari la namna hiyo lina macho ya aina mbili. Yako macho yake lenyewe, yaani kamera, rada na kompyuta iliyomo ndani. Na yako macho ya kuazima, yaani habari zinazolifikia kwa mawimbi: kwamba lori lililo nyuma ya kona limefunga breki, au kwamba jiwe limeporomoka njiani. Kamera haioni kupita jabali. Kwa hiyo mahali penye kona kali ndipo macho ya kuazima yanapohitajika zaidi. Na mahali hapo hapo jabali huyazuia mawimbi. Fauka ya hayo, masafa ya juu yanayobeba habari nyingi kwa kasi hayaendi mbali, na kilima au msitu huyapunguza nguvu upesi. Ili kuitosheleza njia ya milimani itabidi minara isimamishwe karibu karibu, kila mmoja na umeme wake na mkongo wake.

Kuhusu umeme, wasomaji wetu wa Unguja hawahitaji kufundishwa. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu, kwa hitilafu ya njia ya umeme itokayo Bara. Mnara usio na umeme wala jenereta ni chuma kitupu.

Atakayedhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini peke yake, na atazame San Francisco, Marekani. Mwezi Agosti 2023 magari yapatayo 10 ya kampuni ya Cruise, yasiyo na dereva, yalisimama barabarani na kuziba njia. Kampuni ilieleza kwamba umati uliohudhuria tamasha la muziki mjini humo ulikuwa umeulemea mtandao wa simu. Mji ule una minara tele, lakini mtandao ule ule uliokuwa ukibeba picha za wacheza ngoma ndio uliotarajiwa kuyahudumia magari.

Tunao mfano wetu ulio bora zaidi. Treni za umeme za reli ya kisasa, zilizoanza kazi mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma, hupokea ruhusa ya kusonga mbele kwa mawimbi ya redio. Lakini mtandao huo umejengwa kuifuata reli, kwa kazi hiyo, wala haushindani na simu za abiria. Ruhusa mpya isipofika, treni haivuki mwisho wa ile iliyopewa, hufunga breki. Treni ikisimama juu ya reli yake imesalimika. Lori likisimama ghafla katika kona ya Kitonga limeziba njia ya mataifa, na lililo nyuma yake linatelemka na shehena.

Hapa tunafika kwenye jambo linalotukera. Mtandao nchini huhesabiwa kwa vichwa vya watu. Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia sahihi mikataba ya minara 758 katika kata 713, nasi tuliipokea habari hiyo kwa furaha, kwani mkulima wa Kilolo naye ana haki ya kujua bei ya viazi. Lakini kona ya mlima haina wakazi. Katika hesabu ya vichwa, kona hiyo ni sifuri.

Mabasi ya mikoani tayari yana vifaa vinavyoipelekea LATRA taarifa za mwendo. Taarifa hiyo ikichelewa dakika tano bado ina faida, kwani mkosaji atajulikana. Kwa gari linalojiendesha, habari iliyochelewa sekunde mbili imekwisha kuoza: lori linalotelemka kwa kilomita 30 kwa saa limekwisha kwenda zaidi ya mita 16.

Kwa hiyo, kabla ofisa yeyote hajatia sahihi kibali cha gari la namna hiyo, tunataka barabara ipimwe kilomita kwa kilomita, toka Ruaha Mbuyuni hadi Ilula, na vivyo hivyo toka mjini Unguja hadi Nungwi. Matokeo yatangazwe gazetini. Vilevile sheria iseme nani atashitakiwa ujumbe usipofika: mwenye gari, mwenye mnara, au aliyetoa kibali. Vyombo vya kupimia vinaweza kupandishwa katika basi lolote la abiria. Pale tulipokatikiwa neno, ingetosha kuandikwa namba ya kilomita na idadi ya sekunde za ukimya.