Hitilafu ya Kusoma Diski katika PlayStation 2: Uchunguzi Utangulie Ukarabati
Makala haya yanafafanua sababu za PlayStation 2 iliyozeeka kushindwa kusoma diski, na mpangilio unaofaa wa ukarabati wake. Mashine hii, iliyotoka Japani mwaka 2000 na kukoma kutengenezwa mwaka 2013, husoma CD kwa leza ya nanomita 780 na DVD kwa leza ya nanomita 650. Hivyo basi, ikisoma aina moja na kuikataa nyingine, shaka huelekezwa kwenye leza. Ikikataa zote mbili, lenzi huchunguzwa kwanza. Katika mji mdogo wa Masumbwe, wilayani Mbogwe mkoani Geita, vumbi la kiangazi hupenya hata ndani ya mashine. Lenzi hufutwa taratibu kwa pamba yenye spiriti, kisha reli zake husafishwa na kupakwa grisi kidogo. Kuongeza nguvu ya leza kwa bisibisi ni hatua ya mwisho: diski huweza kusomeka papo hapo, lakini uhai wa leza hupungua. Kwa kuwa vipuri asilia havitengenezwi tena, fundi anayeanza na bisibisi humpa mwenye kibanda cha gemu nafuu ya siku chache, na kumfupishia maisha ya mashine inayomlisha.