Mihrabu ya Msikiti wa Kizimkazi Dimbani: Nakshi, Tarehe na Suala la Uhifadhi

1. Utangulizi

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ulioko kusini mwa kisiwa cha Unguja, ni jengo la wastani lililoezekwa mabati. Kwa nje hauna pambo la kumsimamisha mpita njia. Umaarufu wake umo ndani, kwenye ukuta wa kibla, ambako mihrabu imezungukwa na maandishi ya Kiarabu yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Maandishi hayo ni miongoni mwa ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa sababu hiyo, msikiti wote huelezwa kuwa ni jengo la mwaka 1107. Makala haya yanafafanua kwa nini kauli hiyo haitoshi, na kwa nini kutofautisha umri wa nakshi na umri wa kuta ni jambo la lazima kwa yeyote anayetaka kuuhifadhi msikiti huu.

2. Maandishi na nakshi za mihrabu

Katika pwani ya Waswahili, Makka iko upande wa kaskazini; kwa hiyo mihrabu hujengwa katika ukuta wa kaskazini, na ukuta huo ndio unaopewa mapambo kuliko sehemu nyingine yoyote ya msikiti. Kizimkazi inafuata kanuni hiyo. Maandishi yake ni ya hati ya Kikufi ya aina iliyochanua, yaani hati ambayo miisho ya herufi imegeuzwa kuwa majani na maua. Msomaji hukutana na neno na pambo kwa pamoja, kwa kuwa ua limeota katika herufi yenyewe wala halikubandikwa pembeni.

Pamoja na aya za Qur'ani, maandishi hayo yanamtaja Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad kuwa ndiye aliyeamuru ujenzi, tarehe mosi Dhul-Qaada, mwezi ambao Waswahili huuita Mfunguo Pili. Samuel Flury aliyachambua katika makala yaliyochapishwa mwaka 1922. Watafiti wameulinganisha mtindo wake na ule wa Siraf, bandari ya kale ya Uajemi iliyokuwa na biashara kubwa katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kufanana huko hakuna maana kwamba kazi yote ilitoka ng'ambo. Jiwe lililochongwa ni tumbawe, malighafi ya pwani hii. Mtindo ulisafiri kwa bahari, lakini ulitiwa katika jiwe la hapa.

3. Tumbawe na ufundi wake

Mafundi wa pwani walitumia matumbawe ya aina mbili. La kwanza ni lile la nchi kavu, gumu na lenye matundu, ambalo lilifaa kwa kuta. La pili ni tumbawe hai linalokatwa baharini. Likiwa bado bichi ni laini, hukatika kwa urahisi na hupokea mistari myembamba. Likikauka huwa gumu. Nakshi ya herufi zilizochanua isingewezekana katika jiwe la aina ya kwanza. Fundi alilazimika pia kuwahi kuchonga kabla jiwe halijakauka.

Mawe ya ukuta yaliunganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya kuni. Kwa hiyo jiwe na kiungo chake vilikuwa na asili moja.

4. Jengo la karne mbili tofauti

Katika mihrabu hiyohiyo kuna maandishi mengine yenye mwaka 1184 Hijria, sawa na 1770 hadi 1771 Miladia. Hayo yanahusu ujenzi mpya. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya karne ya 18. Kilichobaki kutoka karne ya 12 ni maandishi ya Kikufi na baadhi ya mapambo ya tumbawe. Kati ya tarehe hizo mbili kuna zaidi ya miaka 650.

Waliojenga upya wangeweza kuyatupa mawe ya zamani au kuyatumia kama kifusi. Badala yake waliyaacha mahali penye heshima kuliko pote, kisha wakaandika tarehe yao wenyewe. Hawakuifuta tarehe ya waliotangulia wala hawakujifanya kuwa wao ndio waanzilishi. Mwenendo wa kujenga upya palepale si wa Kizimkazi peke yake. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, uchimbaji wa kiakiolojia ulionyesha misikiti iliyofuatana mahali pamoja tangu karne ya 8, kuanzia ya miti hadi ya mawe.

Heshima ya mahali hapa inaonekana pia nje ya msikiti, kwenye makaburi ya watu wanaokumbukwa kwa uchamungu wao.

5. Suala la uhifadhi

Msikiti huu bado unasaliwa, na msikiti unaosaliwa hauwezi kuachwa bila matengenezo. Hatari imo katika vifaa vinavyotumika. Saruji, iliyojenga majumba ya ghorofa ya Michenzani mjini Unguja katika miaka ya 1970, inafaa kwa majengo ya aina ile. Ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe, huzuia unyevu kutoka. Maji yaliyonaswa hubeba chumvi, chumvi hukauka ndani ya jiwe na kulimega. Chokaa hupitisha unyevu, na ikichakaa huweza kupakwa upya bila kulidhuru jiwe. Rangi nayo, ikirudiwa mara kwa mara, hujaza mifereji ya herufi hadi ua na herufi visitambulikane.

6. Hitimisho

Anayeamini kwamba jengo zima ni la mwaka 1107 anaweza kuzipuuza kazi za karne ya 18. Anayejua kwamba kuta ni za baadaye anaweza kuzitengeneza ovyo kwa kudhani hazina thamani. Mihrabu ya Kizimkazi inakanusha makosa yote mawili. Ina tarehe mbili, na ya kwanza imefika kwetu kwa sababu walioandika ya pili waliitunza. Matengenezo yoyote yajayo hayana budi kuziacha zote mbili zisomeke.