Tusilidharau Sikio Linalowasha



Joto la Garissa halihitaji kuelezwa kwa mwenye kuishi humo. Alasiri ikifika, watoto huteremka Mto Tana kujitia majini, nao wazazi huogopa mamba, na ni haki yao kuogopa. Lakini lipo dhara jingine dogo linalorudi nyumbani pamoja na mtoto: maji yaliyobaki sikioni.

Tundu la sikio limeumbwa pamoja na hifadhi yake. Nta, ambayo wengi wetu huiita uchafu, huzuia maji na vijidudu, kisha hutoka yenyewe kidogo kidogo. Tundu likishinda na unyevu, au likikwaruzwa kwa njiti ya kiberiti, pini au kijiti cha pamba, ngozi yake huchubuka na vijidudu vikapata mlango. Huanza muwasho, yakafuata maumivu, uvimbe, usaha na usikivu kupungua. Alama iliyo wazi ni hii: ukilivuta sikio taratibu, au ukikibonyeza kinundu kilicho mbele ya tundu, maumivu huzidi.

Hapo tusimimine mafuta ya moto, wala dawa iliyobaki kwa jirani. Huenda kiwambo cha sikio kimetoboka, na baadhi ya matone yakipita hapo hudhuru usikivu. Mgonjwa apelekwe zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, sikio litazamwe na kusafishwa, apewe matone yanayomfaa, ayatumie mpaka siku alizoambiwa zitimie hata kama maumivu yametulia. Muda wote huo sikio likae kavu. Mwenye kisukari asingoje hata siku moja, kwani kwake maradhi haya yaweza kupenya hadi mfupani na kuhatarisha uhai.

Na udhu je? Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafii, kupangusa masikio ni sunna, si nguzo. Anayedhurika akiacha, udhu wake umetimia. Akioga kwa kawaida, azibe tundu kwa pamba iliyopakwa mafuta mazito. Ama josho la wajibu, amuulize mwanachuoni wake habari ya tayamamu.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba, na tiba haipingani na kumtegemea Mola. Sikio ni amana. Kwalo twaisikia adhana.

Wabillahi tawfiq.